Masikio Wazi

Tangu theluji iyeyuke mwaka ule, Marlys Tollefson alikuwa amegeuka mcheshi. Ukimwambia jambo, anacheka. Ukimwambia jingine, anakugusa mkono na kusema, "We acha tu." Akina mama wa kanisani walimpenda kuliko zamani, wakasema uzee unamkaa vizuri. Mumewe Duane hakuona cha kupendeza hapo. Alikuwa ameishi na mwanamke huyo miaka mingi, na alijua fika kwamba si mtu wa kuchekacheka ovyo.

Asubuhi moja ya Julai, Marlys akiosha vyombo na maji yakitiririka, Duane alisimama nyuma yake karibu na jokofu, akasema kwa sauti ya kawaida:

"Marlys, nimemuua Mchungaji Halvorsen."

"Sawa, mpenzi," Marlys akajibu bila kugeuka.

"Nimemkata vipande. Nimemtia kwenye friza, chini ya ile nyama ya paa."

"Baada ya chakula, basi."

Duane alinyoosha mkono akafunga bomba. Marlys aligeuka, akamwona uso, akaanza kucheka kile kicheko chake kipya. Kilimwishia midomoni.

"Tangu lini?" Duane aliuliza.

"Tangu lini nini?"

"Usinizungushe, mama. Tangu lini husikii?"

Marlys alijifuta mikono, akavuta kiti. Alikwenda kwa daktari wa masikio mwezi wa tatu, akasema. La kushoto limekwisha, la kulia liko njiani. Daktari amemwambia kuna vifaa vya kuvaa, vitamsaidia kwa mazungumzo, lakini kilichokufa hakifufuki.

"Mwezi wa tatu. Ndiyo siku ile uliyosema unakwenda kununua mapazia?"

"Ndiyo."

"Ndiyo maana mpaka leo hatuna mapazia."

"Aliniuliza kama nimefanya kazi kiwandani. Nikamwambia hapana. Akauliza kama nawinda. Hapana. Akauliza, basi kuna kelele gani katika maisha yako?"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia nina mume."

Duane alicheka bila kutaka, kisha akakasirika kwa sababu amecheka. Wote wawili walijua kelele ile ilikuwa ipi. Ilikuwa ikining'inia ukutani sebuleni, ndani ya fremu ya kioo: vijiti viwili vya ngoma vilivyoliwa ncha, na picha ya msichana mwenye kofia nyekundu.

Msichana huyo alikuwa Marlys mwenyewe, aliyepiga ngoma katika Korongo, kikosi cha mji wao wa Harlan Prairie. Vijana zaidi ya mia, wenye tarumbeta, ngoma na bendera, hutumia kiangazi chote barabarani. Hulala sakafuni mwa shule za watu, huchomwa na jua mazoezini tangu asubuhi hadi jioni, ili usiku wasimame uwanjani mbele ya waamuzi kwa muda usiotosha kumaliza kikombe cha kahawa. Ukitimiza miaka ishirini na moja unatolewa, hata uwe mzuri namna gani, na maisha yako yaliyobaki ni ya ushabiki. Marlys alikuwa ameutumikia ushabiki huo kwa ibada ambayo Mchungaji Halvorsen angeionea wivu.

Na alikuwa msichana wa kwanza wa Korongo kuingia safu ya ngoma kavu, zile ndogo zenye nyaya chini, zinazolia kama bisi kwenye sufuria. Wavulana waliapa kwamba kabla ya wiki kwisha atakuwa ametia pamba masikioni. Hakutia. Aliipiga miaka yake yote masikio yakiwa wazi, akawapita kwa ukaidi, na baadaye ukaidi wake ukawa sheria ya safu nzima.

Duane hakuwahi kupiga hata filimbi. Alifanya kazi kiwanda cha karatasi, mahali ambapo vizibo vya masikio hugawiwa bure mlangoni kama peremende, na asiyevaa harudi kesho. Vizibo hivyo vya manjano vilijaa mifukoni mwake, vikafuliwa pamoja na suruali, vikaziba mashine ya kufulia. Marlys alimcheka kwa ajili ya vizibo hivyo miaka yote. Sasa yeye asiyejua muziki ndiye aliyesikia kama sungura.

"Vifaa tutanunua," alisema Duane. "Pesa ya safari ya fainali itatosha. Mwaka huu tutatazamia nyumbani."

"Duane, Britta ndiye wa katikati mwaka huu!"

Britta alikuwa binti yao wa pekee. Mwaka wake wa mwisho kikosini ulikuwa unakaribia, na kiangazi hicho alikuwa amechaguliwa kuwa wa katikati wa safu ya ngoma kavu, ambaye wengine wote humfuata. Duane akauliza taratibu:

"Yeye anaziba masikio, siyo?"

Marlys alitazama vyombo.

"Marlys. Mtoto anaziba masikio?"

"Alikuwa na miaka kumi na mmoja," Marlys alisema. "Kule chini kwenye chumba cha stoo. Alikuwa amejitia pamba. Niliitoa mwenyewe, Duane, kwa vidole vyangu. Nikamwambia Korongo haruki na pamba."

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Hawakutuambia tumfanye nini mama aliyemfundisha mwanawe kuikataa dawa yenyewe.

"Basi utamwambia," alisema Duane. "Wiki hii hii wakirudi."

"Nitamwambia."

"Usiponiambia kwamba umemwambia, namwambia mimi."

*

Korongo walirudi nyumbani Jumatano kwa ajili ya onyesho la Jumamosi. Mabasi yaliingia shule ya sekondari, vijana wakamwagika na magodoro yao, wameungua pua, wananuka. Marlys alikuwa tayari kwenye lori la jikoni amevaa aproni, kama kila mwaka, akipakua soseji na viazi.

Ilikuwa kazi aliyoipenda, ila mwaka huu ilikuwa mateso. Vijana mia wanazungumza kwa pamoja, na yeye anaona midomo tu. Mvulana mmoja mwembamba alimwambia jambo refu, kwa adabu, akangoja jibu. Marlys akacheka, akamgusa mkono. Mvulana akaondoka amenuna. Mama aliyesimama pembeni akamvuta aproni.

"Marlys! Kijana anakuambia nyanya yake amefariki jana, na wewe unamchekea?"

Alimkimbilia yule mvulana na sahani ya pai ya matunda, akamkumbatia kiasi cha kumtisha. Lakini aliporudi dirishani, akina mama wa jikoni walikuwa wamenyamaza ghafla, kama watu wanyamazavyo pale mtu wanayemsema anapoingia.

Britta alikuja mwisho, baada ya wadogo kula. Ndivyo wa katikati afanyavyo. Alikuwa amekonda, misuli ya mikono imetokeza, nywele fupi kama za mvulana. Walikaa kwenye ngazi ya lori.

"Unakula vizuri huko?"

"Nakula kama ng'ombe, mama."

"Safu ikoje?"

"Safi. Tumebakiza sehemu ya katikati tu, kuna mtoto mmoja wa mwishoni anakimbia mbele ya mdundo. Nitamnyoosha." Alitafuna. Marlys akasema jambo kuhusu nguo za kufua, na Britta akageuza kichwa, akamletea sikio la kulia. "Ati?"

Marlys alirudia.

"Kwa nini unageuka hivyo?"

"Nageukaje?"

"Unaleta sikio."

"Aa, hili la kushoto lina mlio kidogo. Kama jokofu bovu. Nikilala, asubuhi unakuwa umekwisha." Alifikiri kidogo. "Unakuwa karibu umekwisha. Kila mtu kwenye safu anao, mama. Si wewe uliniambia mlio ni muhuri wa Korongo?"

Alikuwa amesema hivyo. Alikuwa amesema na kujivuna. Alijua mlio ule, alijua unavyoanza kuondoka alfajiri, kisha adhuhuri, kisha siku moja unakuwa umehamia moja kwa moja na vyombo vyake. Alishika mkono wa mwanawe ili amwambie. Hapo mtu akapiga filimbi kiwanjani, Britta akambusu shavuni kwa mdomo wenye haradali, akaondoka mbio. Marlys alishukuru kwa ile filimbi. Ndilo lililomuuma baadaye, kwamba alishukuru.

Alipotazama mbele, aliona lori la ngoma limefunguliwa milango. Upande wa ndani wa mlango mmoja palikuwa na maneno mawili yameandikwa kwa rangi nyekundu, herufi zenye mikia: MASIKIO WAZI. Kila mpiga ngoma, kabla ya kushuka na ngoma yake kwenda kwenye onyesho, huyagonga maneno hayo kwa kiganja. Lori lilishabadilishwa mara kadhaa, lakini mlango ulifunguliwa bawaba kila mara na kuhamishiwa lori jipya. Vijana wa sasa hawakujua nani aliyaandika. Walidhani ni mtu aliyekwisha kufa. Yaliandikwa na Marlys, kwa brashi ya kupakia kucha.

*

Desturi nyingine ya Korongo ni hii: jioni ya mazoezi ya mwisho nyumbani, wakongwe hualikwa kuchukua ngoma na kupiga pamoja na safu. Hupiga zoezi la kale wanalolijua wote, linalozunguka na kuzunguka, mpaka wa katikati atakapoamua kulikata kwa neno moja.

Maegesho ya shule yalijaa watu na viti vya kukunja. Lester Quam alikuwepo, muuza trekta kutoka ng'ambo ya mto, aliyekuja kila mwaka na kumuuliza Marlys swali lile lile, kama safu inapiga kama mkono mmoja au inatawanyika. "Bi Marlys, mwaka huu safi au chafu?" Alichosema Marlys ndicho Lester alichokwenda kuwaambia watu wa kwao, kama hukumu ya mahakama.

"Kesho nitakuambia," Marlys alisema baada ya kumsoma midomo.

"Usiende," Duane alimwambia sikioni, lile la kulia.

"Nisipokwenda wataniuliza kwa nini."

Alivaa ngoma, akasimama kushoto kwa Britta. Mama na mwana katikati ya safu. Watu walipiga makofi, wengine walifuta machozi. Zoezi likaanza. Marlys alilihisi kifuani na kwenye nyayo, lami ikitetema, mikono ikijua njia yake kama ng'ombe ajuavyo zizi. Kwa mara ya kwanza tangu theluji iyeyuke hakuhitaji kumsoma mtu midomo. Akafumba macho. Alikuwa na furaha. Lazima tuseme hivyo, alikuwa na furaha kamili.

"Kata!" Britta aliita.

Vijiti vyote vilisimama. Marlys aliendelea. Alipiga peke yake, kichwa kimeinama, macho yamefumbwa, kimya cha maegesho yote kimemzunguka. Wa kwanza kucheka alikuwa mkongwe mmoja wa enzi zake.

"Bi Marlys hashikiki leo!"

Wote wakacheka, kwa upendo, wakidhani ni mzaha. Britta aliweka kiganja juu ya ngozi ya ngoma ya mama yake. Marlys akafumbua macho. Aliona meno ya watu, akaelewa, naye akacheka pamoja nao. Ni Britta tu ambaye hakucheka. Katika safu ile hapakuwa na aibu kubwa kuliko kupiga wakati wenzako wamenyamaza, na Britta alijua mama yake asingeifanyia mzaha hata kwa bunduki. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Marlys aliumbuliwa na ngoma yake mwenyewe.

*

Walikaa ndani ya gari la Duane, vioo vimefungwa. Duane alikuwa amekwenda kununua aiskrimu asiyoihitaji.

"Hukunisikia," alisema Britta.

"Nilijisahau."

"Mama. Nilikata kwa sauti ya kuamsha wafu."

Marlys alimwambia basi. Hakulainisha: la kushoto, la kulia, daktari, mapazia. Britta alisikiliza akitazama mbele, kisha akakumbuka kumgeukia ili midomo yake ionekane, na kule kukumbuka tu kulimchoma Marlys kuliko maneno yoyote.

"Mwaka jana kwenye fainali," Britta alisema. "Ulikuja unalia. Ukaniambia hujawahi kusikia safu safi kama ile. Mimi nililiishi neno lile mwaka mzima."

"Nilikuwa natazama mikono yenu. Mikono ilikuwa safi."

"Kwa hiyo ulikuwa unalia nini?"

"Kwamba sikusikia."

Britta aliegemeza paji la uso kwenye dashibodi. Alikaa hivyo muda, mabega yakipanda na kushuka. Marlys alitoa mfukoni mkono uliojaa vizibo vya manjano vya Duane, akaviweka juu ya kiti kati yao.

"Anza kesho."

"Siwezi."

"Britta, huo mlio wako naujua mimi."

"Wewe huelewi! Ah, unaelewa, ndiyo maana nashangaa. Mimi ni wa katikati. Nikiziba mimi, ama wote wazibe, ama wote wanicheke. Na tukiziba usiku wa onyesho bila kuzoea, tutachafuka. Nyumbani! Mbele ya kila mtu anayekujua."

"Chafukeni."

Neno hilo halikuwahi kutoka kinywani mwa Marlys. Alikuwa amewahi kumtolea mwanawe matusi mengine, wakati wa ujana wake na masuala ya magari na wavulana, lakini hilo kamwe. Britta alimtazama kama aliyetukana msalabani.

"Sikia unavyosema," alisema kwa sauti ya chini, kisha akajisahihisha, akasema kwa nguvu: "Mama, ukinipenda, kesho kaa kwenye kiti chako, upige makofi. Basi. Hayo maneno yako mlangoni tunayagonga kila siku ya Mungu. Hayakuandikwa na mimi."

"Unajua ni mimi?"

"Naujua mwandiko wako. Umeniandikia vibali vya kwenda chooni tangu darasa la kwanza." Alifungua mlango, akashuka. Vizibo vilibaki juu ya kiti.

Duane alirudi na aiskrimu ikiyeyuka mkononi. Alitazama kile kiti, akatazama uso wa mkewe, akaitupa aiskrimu kwenye pipa.

"Angalau umemwambia."

"Nimemwambia," alisema Marlys. "Ila nilipokuwa namwambia uongo alinisikia vizuri zaidi."

*

Jumamosi mchana, kikosi kikiwa kinakula, Marlys alitokea kwenye lori la ngoma na brashi pana na kopo la rangi nyeupe iliyobaki walipopaka baraza. Duane alimfuata na ngazi. Hakuwa ameulizwa, alileta tu.

Dereva wa lori, Virgil Kranz, aliinuka kutoka kwenye kiti chake kivulini. Alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, mpiga ngoma wa zamani, na lori lile alililinda kuliko nyumba yake.

"Unataka kufanya nini, Marlys?"

"Kuyafuta."

"Ati?"

"Nayafuta haya maneno, Virgil!"

"Nini?" Virgil alikinga kiganja nyuma ya sikio, akainama mbele.

Marlys hakurudia. Alimtazama tu akiwa ameinama vile, na Virgil akaitazama brashi, kisha mlango, kisha mkono wake mwenyewe uliokuwa bado nyuma ya sikio. Akaushusha polepole.

"Hiyo rangi ni ya ndani au ya nje?" aliuliza hatimaye.

"Ya nje," alisema Duane kwa sauti kubwa.

"Basi itashika," alisema Virgil, akashika mguu wa ngazi.

Herufi zilikataa kufa mara moja. Nyekundu ilichungulia chini ya nyeupe, ikabidi apake tena. Marlys alilia kidogo alipofika kwenye mikia ya zile herufi, maana alikumbuka jinsi ulimi ulivyokuwa umemtoka pembeni mwa mdomo alipokuwa akizichora, na jinsi wavulana walivyokuwa wamesimama nyuma kwa heshima mara ya kwanza katika maisha yake. Hakutaka tuseme hajali. Alijali sana. Kisha akashuka, akaweka boksi la vizibo vya Duane kwenye ngazi ya lori, na kwenda kubadilisha nguo.

Hakuona walipofika. Duane aliona, akamsimulia. Vijana walikuja wamevaa sare za kijivu na kofia nyekundu, wakapanda, wakavaa ngoma, na wa kwanza akainua kiganja akakuta mlango mweupe. Wakasimama. Mtoto wa mwishoni, yule anayekimbia, alikaribia kulia.

"Nani kafanya ushenzi huu?"

Mzee Virgil akajifanya hasikii. Mara moja moja uziwi una faida.

"Ni mama yangu," Britta alisema.

"Sasa tunagonga nini?"

Britta alitazama ule weupe kwa muda. Akatazama boksi. Halafu, Duane alisema, akainua mkono na kuupiga mlango pale pale yalipokuwa maneno, kwa nguvu, paa! Rangi ilikuwa mbichi.

"Na baada ya hapo?" Marlys alimhimiza. "Baada ya hapo alifanyaje?"

"Mwanamke anayesimamia sare akatokea anapiga kelele kuhusu rangi, watu wakanizingira, sikuona tena."

*

Maegesho ya uwanja yalikuwa yamefurika. Kabla ya kuingia uwanjani, safu ya ngoma hujipasha moto pale nje, na mashabiki wa kweli huacha viti walivyolipia na kuja kusimama mbele yao, karibu kiasi cha kuguswa na upepo wa vijiti. Marlys alikuwa na mahali pake, mbele ya wa katikati, na watu walimpisha kama kawaida. Alitamani wasingempisha.

Safu ilikuja, ikajipanga nusu duara. Vizibo vile vilikuwa vidogo, na masikio ya watu yako pembeni. Kwa aliyesimama mbele hapakuwa na cha kuona ila nyuso, kamba za kofia na jasho. Britta alitazama juu ya kichwa cha mama yake, kama wafanyavyo wote. Akagonga mara nne ukingoni mwa ngoma, nao wakaanza.

Marlys alitazama mikono. Mkono wa tatu kutoka kushoto ulichelewa. Ule wa mwishoni ulikimbia, ukarudi, ukakimbia tena. Vijiti havikupanda kwa kimo kimoja. Kama angekuwa yule Marlys wa mwaka juzi, angekunja uso na watu wote waliokuwa nyuma yake wangekunja uso pia. Walikuwa wanachafuka. Walikuwa wanajitafuta, kila mmoja na kila mmoja, kama watu waliozimiwa taa ndani ya nyumba wanayoijua, na wakijitafuta hivyo mbele ya mji mzima. Hakuthubutu kuamini. Vijana huchafuka kwa sababu nyingi. Labda ni hasira, labda ni usingizi.

Kisha Britta akageuza kichwa kumwangalia mtoto wa mwishoni, akimnyoosha kwa macho, na taa ya maegesho ikamwangukia ubavu wa uso.

Kwenye sikio lake la kushoto, kuanzia ndewe hadi kwenye tundu, palikuwa na alama ya kidole, nyeupe.

Akageuka upande wa pili. Kulia pia palikuwa na nyeupe. Marlys akawatazama wengine, mmoja mmoja, akisubiri kila mtu asogeze shingo. Wa pili alikuwa nayo. Wa tano. Jirani yake wa kulia hakuwa nayo, alikuwa ameinua kidevu kwa kiburi ambacho Marlys alikijua kama ajuavyo sahani zake; huyo atakuwa na safari ndefu. Mtoto wa mwishoni alikuwa amepakaa rangi mpaka shavuni.

Lester Quam alimgusa bega. Alikuwa amekunja uso, hajui afikirie nini, na watu waliokuwa karibu walisogea kusikia hukumu.

"Bi Marlys! Mwaka huu vipi? Safi au chafu?"

Alimsoma midomo mpaka mwisho. Angeweza kucheka, angeweza kumgusa mkono. Mwaka mzima ujanja huo ulikuwa umempitisha salama. Aliyarudisha macho kwenye yale masikio mawili yenye rangi ya baraza lake.

"Sijui, Lester," alisema, kwa sauti kubwa kuliko alivyodhani, hata watu wa nyuma wakageuka. "Mimi sisikii."